Ũ kwa Kidole Kimoja

Kuna saiba moja pale Makutano, mjini Meru, ambayo ukiingia Jumatano au Alhamisi utakuta watu wamekaa kwenye benchi bila kusema mengi. Wanasubiri kijitabu cha mazishi. Binti anayechapa ana kasi ya kutisha. Haangalii vidole, anaangalia karatasi ya familia, huku kibodi ikilia kama mvua ya mawe kwenye mabati. Siku moja nilisimama nyuma yake akichapa wasifu na nyimbo za Kimeru. Kila alipofika kwenye ũ, mvua ilikatika. Mkono uliiacha kibodi, ukashika kipanya, ukafungua faili jingine lenye herufi nne tu, ĩ ũ Ĩ Ũ, ukanakili moja, ukarudi, ukabandika. Maneno mawili mbele, ũ nyingine. Nilihesabu kwenye ukurasa mmoja: mara 43.

Na huyo ndiye mwenye bidii. Kwingine kiwimbi cha juu ya herufi huachwa tu, Mũgambi akazikwa kama Mugambi na Njerũ kama Njeru. Au mjomba mmoja anakabidhiwa kalamu ya bluu na nakala 200, achore viwimbi kwa mkono usiku kucha. Nimewahi kuwa mjomba huyo. Mkono uliniuma hadi Jumapili.

Nakuandikia wewe uliyefungua redio ya babako ukiwa darasa la tano, ukapigwa, kisha ukaifunga ikalia tena. Wewe uliyeko Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wewe wa Chuo Kikuu cha Embu unayepita chini ya mijakaranda ukienda darasani na laptopu iliyopasuka kona. Na wewe ambaye hukufika chuo chochote lakini unatengeneza simu kwenye kibanda cha Runyenjes au Maua. Nataka ujenge kibodi. Sisemi ununue, nasema ujenge, swichi kwa swichi, halafu uiandikie akili yake kwa mkono wako. Akili hiyo ndiyo famwea, na ndimo ũ inamosubiri kuitwa.

Wengi hudhani kibodi hutuma herufi. Haitumi. Ukibonyeza A, kinachopita kwenye waya wa USB ni namba 4. Ukibonyeza I ni 12, na U ni 24. Kompyuta ndiyo inayoamua kuwa 24 ni herufi fulani, kulingana na mpangilio uliochaguliwa humo ndani. Katika namba hizo zote hakuna iliyotengewa ũ. Haikukatazwa wala haikuchukiwa. Haikumjia mtu akilini, basi. Mpangilio tunaoutumia ulitokana na mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, waliopata hataza yao mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuuza mashine hiyo mwaka 1874. Hakuna mtu wa Embu wala wa Meru aliyeulizwa. Miaka 150 baadaye kidole cha binti wa Makutano bado kinatii, na sisi tumesimama nyuma yake tukisema, ndivyo kompyuta zilivyo.

Sivyo zilivyo. Ndivyo zilivyoachwa.

Sasa sikia. Mjapani mmoja, Jun Wako, aliandika famwea ya kibodi iitwayo TMK na kuiacha wazi kwa kila mtu. Mmarekani Jack Humbert akaichukua, akaipanua, ikawa QMK, na tangu hapo watu wa kila pembe ya dunia wameongeza chao. Huhitaji ruhusa ya mtu. Leseni yake inakupa haki ya kuisoma yote, kuibadilisha yote na kumpa mwenzako ulichobadilisha. Fikiria ni vitu vingapi mezani kwako unavyoweza kusema hivyo juu yavyo. Simu yako? Televisheni? Hata kibodi ya kawaida uliyonunua dukani imefungwa. Ukiifungua unakuta tone jeusi la gundi lililofunika chipu. Hii nyingine iko wazi hadi mfupani.

Na bei ya mlango si ya kutisha. Ubongo wa kibodi yangu ni kibao kidogo cha Raspberry Pi Pico, kilichotolewa Januari 2021 kwa dola 4. Chipu yake ni RP2040, kina megabaiti 2 za kuhifadhia famwea na pini 26 za kuunganishia nyaya. Swichi, diodi na waya wa solda utavipata ukishuka Nairobi, barabara ya Luthuli, au umtume anayeshuka. Kasha langu nililichongesha kwa seremala kutoka kipande cha muuru kilichobaki kwenye kitanda cha mtu, ule mti wa misitu ya Mlima Kenya ambao wataalamu wameuita Vitex keniensis. Ni zito kama tofali. Kibodi haisogei mezani hata ukichapa kwa hasira.

Hesabu ya kwanza ndiyo huwatoa watu jasho, na haifai kuwatoa. Una vitufe 60 na pini 26. Vitatoshaje? Panga vitufe kwenye mistari 5 ya kulala na 12 ya kusimama, kama unavyopanda kahawa kwa mistari. Kila kitufe ni shina lililo pale mistari miwili inapokutana. Sasa unahitaji pini 17 tu, 5 na 12. Chipu hupitia mstari mmoja baada ya mwingine kwa kasi usiyoweza kuiwaza, ikiuliza: kuna aliyebonyezwa hapa? Ikijua mstari wa kulala na wa kusimama, imejua kitufe.

Ila kuna hila. Bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, na chipu itaapa kuwa hata cha pembe ya nne kimebonyezwa, kwa sababu umeme umezunguka kwa njia ya nyuma. Mtu yeyote aliyekulia karibu na mradi wa maji wa Imenti analijua tatizo hili: jirani wa chini anafungua, na maji yako yanarudi kinyumenyume kwenye bomba. Dawa ni valvu inayopitisha maji upande mmoja tu. Kwenye kibodi valvu hiyo ni diodi, kigae kidogo cha kioo kiitwacho 1N4148, kimoja kwa kila kitufe, na mstari mweusi kwenye shingo yake unakuonyesha umeme unatoka nje upande gani. Utalehemu diodi 60. Ya kwanza itakuchukua dakika tano na itakuwa mbaya. Ya ishirini utaifanya ukisikiliza redio. Mimi niliziweka kinyume kwenye mstari mzima wa tatu, na kwa siku mbili nilikuwa na kibodi isiyojua A wala S wala D. Nilizing'oa kumi na mbili, nikazigeuza. Dole gumba bado lina alama. Ning'oe tena leo? Ningeng'oa.

Ukishamaliza kulehemu una gogo. Gogo zuri, lakini halijui lolote. Hapa ndipo wengi huogopa, na hapa ndipo nataka uvute kiti.

Kwenye laptopu unaweka zana za QMK na kuamuru `qmk setup`. Mzigo wenyewe ni mkubwa, kwa hiyo usiushushe kwa bando la siku. Nenda kwenye WiFi ya chuo au kwa rafiki mwenye moyo mkubwa. Halafu `qmk new-keyboard`, na mashine inakuuliza jina la kibodi yako. Nilikaa kitambo mbele ya swali hilo. Nimekuwa nikijaza fomu tangu nizaliwe, jina, la baba, la kata, na hiyo ilikuwa fomu ya kwanza kuniuliza kitu nilichokiumba kinaitwaje. Niliandika `thuchi`, kwa ajili ya mto unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi, ambao nimeuvuka kwa matatu mara nisizoweza kuzihesabu.

Utapewa faili liitwalo `keyboard.json`. Usilikimbie. Ni maelezo tu, kama unavyomwelekeza mgeni nyumbani: mistari ya kulala iko kwenye pini hizi, ya kusimama kwenye hizi, diodi zinatazama upande huu, chipu ni hii. Unaandika GP2, GP3, GP4 kwa mpangilio uliounganisha nyaya. Ukikosea, hakuna kitakachoungua. Utabonyeza M itoke K, ucheke, urudi kurekebisha.

Faili la pili, `keymap.c`, ndilo lako hasa. Ndani yake kuna matabaka. Tabaka la chini ni kibodi ya kila siku. Juu yake unaweza kutandika jingine, na jingine, hadi 32, kila moja kama shuka lenye matundu: penye tundu unaona herufi ya chini, pasipo na tundu unaona ulichoweka wewe. Kiembu hakina Q. Hakina X. Kimeru vilevile. Hivi ni viti viwili vilivyokaa bure miaka yote hii sebuleni kwetu huku wageni wetu wakisimama nje! Kwenye tabaka langu la pili nilimketisha ũ penye Q na ĩ penye X, na kitufe kimoja cha pembeni kinaniingiza na kunitoa. Nikiandika Kiswahili au Kiingereza, Q ni Q. Nikiandikia ukoo, ni ũ, kwa kidole kimoja, bila kipanya.

Utaniuliza, nawe si umesema USB haina namba ya ũ? Ndiyo. Kwa hiyo tunaizunguka. Kila herufi duniani ina namba yake kwenye daftari la Unicode: ĩ ni 0129, ũ ni 0169, na zile kubwa ni 0128 na 0168. Linux ina mlango wa uani. Ukibonyeza Ctrl, Shift na U, kisha namba ya herufi na kitufe cha nafasi, programu nyingi zinaiweka. Famwea inafanya hivyo kwa niaba yako kwa kasi ambayo jicho haliioni. Wewe unabonyeza kitufe kimoja, kibodi inabonyeza vinane. Unachotakiwa ni kuwasha `UNICODEMAP_ENABLE`, kutaja mfumo unaotumia, na kuandika orodha fupi ya herufi zako. Majina ya orodha hiyo unayatunga mwenyewe. Yangu ni I_NDOGO, I_KUBWA, U_NDOGO, U_KUBWA. Kikusanyaji cha programu, kinachogeuza maandishi yako kuwa famwea, hakikuuliza hiyo ni lugha gani. Kiliyameza kama kinavyomeza Kiingereza, na sitasahau nilivyosimama jikoni nikamwambia mke wangu, "Mama Gatwiri, mashine inakula Kiswahili!" Akaniambia inayokula ugali iko mezani, ije kabla haijapoa.

Halafu `qmk compile`. Itakataa. Nakuahidi itakataa. Skrini itajaa nyekundu, na utahisi umevunja kitu cha watu. Soma mstari wa kwanza tu wa hayo makosa, uachane na mingine; mara nyingi ni koma moja uliyoisahau, na ile mingine thelathini ni watoto wa koma hiyo. Rekebisha, amuru tena. Itakataa tena, mahali pengine. Hiyo ni hatua mbele, usiiite kushindwa. Mtu anayelima Mbeere, kule Siakago ambako mvua huja inapotaka, hupanda tena pojo zilezile msimu unaofuata bila hotuba. Basi nawe amuru tena.

Ikikubali, unakuwa na faili la kuweka kwenye chipu. Mafundi wa simu wanaita kazi hii kuflash, na wala si ile flashi ya kumpigia mtu na kukata kwa kukosa salio. Unashika kitufe cha BOOTSEL kwenye Pico, unachomeka waya, na kibao kinajitokeza kwenye kompyuta kama flashi-diski yenye jina RPI-RP2. Unalivuta faili, unalidondosha humo. Flashi-diski inatoweka ghafla. Mara ya kwanza nilidhani nimeiharibu. Kumbe kutoweka ndiko kufanikiwa. Ilikuwa imejizima na kuamka kama kibodi.

Kabla ya hapo, lakini, nilipoteza jioni nzima. Pico hutumia waya wa USB wa zile simu za zamani, na nyumbani tulikuwa na nyaya nne za aina hiyo kwenye droo. Nachomeka, kimya. Nabadilisha laptopu, kimya. Nikaanza kulaumu lehemu yangu, kisha chipu, kisha aliyeniuzia. Saa nne usiku shemeji yangu, dereva wa boda asiyejali kompyuta hata kidogo, akauliza, "Huo waya unapitisha data, ama ni wa kuchaji tu?" Nyaya tatu kati ya nne zilikuwa za kuchaji tu. Ndani yake hamna nyuzi za data kabisa. Nakuambia hili ili usipoteze jioni yako: jaribu waya kwanza kwa kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Ikihama, waya ni mzima.

Na stima? Ilipotea, bila shaka, na ilipotea nikiwa katikati ya kuflash, mara ya tatu au ya nne. Laptopu ilikuwa na betri mbovu, ikazima palepale. Nilikaa gizani nikiwaza kwamba stima yenyewe inatoka hapahapa kwetu, Gitaru na Kiambere, mto Tana, nami natafuta mshumaa. Ila aliyetengeneza RP2040 alitufikiria bila kutujua. Sehemu inayopokea famwea imechongwa ndani ya chipu tangu kiwandani na haifutiki. Unaweza kuweka famwea mbovu, nusu famwea, hata upuuzi mtupu. Ukishika BOOTSEL na kuchomeka upya, mlango unafunguka kama siku ya kwanza. Stima iliporudi, nilirudia. Dakika moja.

Tafakari jambo hilo kidogo, wewe uliyelelewa kuogopa kuharibu. Tulifundishwa kompyuta kwenye chumba chenye pazia na kufuli, tukivua viatu mlangoni, mashine mbili kwa wanafunzi arobaini, na onyo kubwa lilikuwa: usiguse usichokijua. Tukatoka humo tukiwa watu wazima wanaoomba ruhusa ya kubonyeza. Hapa pana kitu ambacho hata ukikiandikia makosa kinakuambia, leta tena. Leta tena! Ni mwalimu gani mwingine amewahi kukuambia hivyo mara mia bila kukunja uso?

Mzee mmoja wa ukoo wetu kule Manyatta aliiangalia ile kibodi, akaipindua, akaipima uzito. "Mwanangu," akasema, "hii itakuletea unga?" Ni swali la haki na sitalikwepa kwa maneno matamu. Kibodi moja haitakuletea unga. Sijawahi kuuza hata moja, na atakayekuambia kuna utajiri wa haraka humu ana kitu anachotaka kukuuzia yeye. Lakini mtu aliyelehemu gridi ya vitufe 60 anaweza kuunganisha sensa za unyevu kwenye shamba la chai. Aliyezoea kusoma makosa ya kikusanyaji ana nusu ya kazi ya mwandishi wa programu. Na soko la ũ lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Makanisa yana vitabu vya nyimbo. Koo zina mihtasari ya mikutano na kesi za mashamba. Sera ya elimu inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao hadi gredi ya 3, na mwalimu wa Tigania anayetaka kuandaa karatasi ya kusoma ya Kimeru yuko pale alipo binti wa Makutano, kwenye nakili na bandika. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaipa dola jukumu la kukuza na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Vizuri. Dola ikiwa njiani, wewe una pasi ya kulehemu mkononi.

Nilimjibu mzee kwa njia nyingine. Nilichomeka kibodi, nikamwomba anitajie jina la babake, nikalichapa lote na viwimbi vyake, kubwa, katikati ya skrini. Alivaa miwani. Alilisoma kwa sauti, na kwa kuwa lilikuwa limeandikwa sawa alilisoma sawa, kama lilivyoitwa uani miaka ile. Hakurudia swali la unga. Aliniuliza kama inaweza kuandika na la mamake.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka 1978, aliandika riwaya nzima ya Gĩkũyũ kwenye karatasi za chooni ndani ya gereza la Kamĩtĩ. Hakusubiri daftari. Wewe uko huru, una laptopu ya mkopo, una WiFi ya chuo hadi saa mbili usiku. Unasubiri nini? Unasubiri kozi? Hakuna kozi ya kitu hiki, kuna maelezo ya QMK yenyewe, marefu na ya wazi, na kuna kukosea. Unasubiri vifaa vyote vifike? Anza na Pico moja na swichi nne. Mistari miwili kwa miwili, diodi nne, vitufe vinne: ĩ, ũ, Ĩ, Ũ. Hiyo tayari ni kibodi. Inakaa kando ya ile kubwa ya dukani, na wikendi moja inatosha. Unasubiri mwenzako? Mwite. Mmoja ana mkono mzuri wa kulehemu, mwingine ana jicho la koma. Kutoka Embu hadi Meru ni matatu moja tu, Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, unavuka ikweta, umefika.

Hilo la vitufe vinne silisemi hewani. Ndilo nililompelekea binti wa Makutano.

Kompyuta ya saiba inatumia Windows, ambayo haina ule mlango wa uani wa Linux, kwa hiyo kwanza niliomba ruhusa ya kuweka WinCompose, programu ndogo ya bure, kisha nikaiambia famwea itumie njia hiyo. Kisanduku chenyewe nilikitengeneza kwa mabaki ya muuru. Hakuna wino juu ya vitufe. Nilichonga viwimbi kwa msumari wa moto. Alikitazama kama mtu anayeletewa mboga asizoagiza. Akachomeka. Akafungua kazi ya siku hiyo, familia moja kutoka Mikinduri, akaanza kuchapa, na alipofika kwenye ũ ya kwanza mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kipanya wenyewe, kwa mazoea. Akajizuia. Kidole kikatua kwenye kitufe. Ũ ikakaa mahali pake.

Mvua ikaendelea kunyesha kwenye mabati.

Alimaliza ukurasa mzima bila kusema kitu. Halafu akageuka. "Kaka, ni safi," akasema. "Lakini huyu mteja wa pili yeye hataki kiwimbi. Kwao wanaandika kwa kofia, î na û. Ameniambia nisimwekee mawimbi ya watu."

Mteja wa pili, mama mmoja mwenye leso ya kijani, alitikisa kichwa kuthibitisha. Nilifungua laptopu juu ya benchi, kati yake na kijana aliyesubiri kuskani kitambulisho. 0129 nikaifanya 00EE, 0169 ikawa 00FB, na zile kubwa mbili nazo, 00CE na 00DB. `qmk compile`. Nyekundu. Koma. Mama akasogea kidogo ili aone vizuri.